Mikanda ya pawatila: nilivyoiona seti ya Bando B74 kwenye majaruba ya Igunga

Pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mkono) ya nguvu za farasi 12 yenye injini ya S195, hizi za kuwasha kwa hendeli, inategemea mikanda mitatu tu kutoa nguvu kwenye injini na kuipeleka kwenye klachi na giaboksi. Mikanda hiyo imejificha ndani ya kava la bati, kwa hiyo watu wengi hawaikumbuki mpaka siku mashine inapokwama katikati ya tope. Msimu huu wa mpunga nimetumia seti ya kampuni ya Bando, namba B74, kwenye majaruba ya Mwanzugi hapa Igunga na baadaye kwenye tela wakati wa kusomba magunia. Nimeridhika nayo sana. Ila naamini nusu ya sifa ni ya mkanda wenyewe, na nusu nyingine ni ya puli (gurudumu lenye mifereji ambalo mikanda huzungukia) na namna ulivyokazwa, na hiyo nusu ya pili ndiyo nitakayoieleza zaidi.

Mashine niliichukua kwa mtu ikiwa imeshatumika, ikaja na mikanda isiyo ndugu: miwili ya aina moja, wa tatu wa aina nyingine na mpya kuliko wenzake. Kwenye udongo mkavu ilikwenda vizuri. Maji yalipoingia jarubani na magurudumu ya chuma yakazama kwenye tope la mbuga, dereva akazima, akanifuata kwenye tuta. "Mayu (yaani mama), injini inavuma lakini haivuti. Na hiyo harufu ni ya mpira." Tulipofungua kava tulikuta unga mweusi umejaa chini ya bati. Ile mikanda miwili ya zamani ilikuwa imelegea na ubavuni inang'aa kama kioo. Ule mpya ulikuwa wa moto kiasi cha kutoshikika, na nyuzi zimeanza kuchomoza pembeni. Mzigo wa mitatu ulikuwa unavutwa na mmoja.

Ndiyo maana nasema mikanda ya pawatila hununuliwa mitatu kwa pamoja, ya kampuni moja na ikiwezekana ya toleo moja. Ukibadilisha mmoja na kuiacha miwili iliyokwisha kurefuka, huo mpya utakufa kabla ya wakati wake na utakuwa umetupa hela. Muuza spea atakuambia "huu mmoja tu ndio umechoka". Usimkubalie. Ilaze mikanda yote mitatu juu ya meza, mmoja juu ya mwingine, uone kama ncha zinalingana. Dukani nilikataa mkanda mmoja kwa sababu hiyo, japo ulikuwa na namba ileile, na mwenye duka akatafuta mwingine bila kununa.

Sasa namba. Herufi inaeleza umbo. Mkanda wa A una upana wa milimita 13 juu na kimo cha milimita 8. B ni milimita 17 kwa 11, na C ni 22 kwa 14. Pawatila yangu inakula B. Hapa mjini nimeona watu wakiuziwa A kwa sababu B imeisha, na wanafurahi kwa kuwa unaingia kwenye puli bila taabu. Unaingia ndiyo, lakini unazama mpaka chini ya mfereji. Mkanda wa V, yaani huu wenye mbavu zilizoinama kama herufi hiyo, haushiki kwa tumbo, unashika kwa mbavu: unapovutwa unajibana kati ya kuta mbili za puli, na kubanwa huko ndiko kunakobeba mzigo. Tumbo likigusa chini, mbavu hazibanwi tena, na hapo hata ukaze mpaka bolti zikatike utateleza tu.

Tarakimu zinazofuata herufi ni urefu. B74 maana yake inchi 74, ukipima kwa ndani. Mikanda mingi ya Kichina huandikwa kwa milimita, na wa kwangu wa zamani ulisomeka B1880 Li. Zidisha 74 kwa 25.4 utapata karibu 1,880, kwa hiyo ni kitu kilekile. Angalia sana hizo herufi ndogo. Li ni urefu wa ndani. Ukikuta Ld au Lp, hapo wamepima katikati ya unene wa mkanda, na kwa umbo la B tofauti ni takribani sentimita nne. Sentimita nne zinatosha kuifanya injini ifike mwisho wa nafasi yake ya kusogea kabla mkanda haujakaza. Kama mkanda wa zamani umefutika maandishi, usiupime huo, maana umeshavutika. Fungulia injini, iweke katikati ya nafasi yake, pitisha kamba kwenye mifereji ya puli zote mbili, kisha nenda dukani na urefu huo. Kamba imepita juu ya mfereji au chini? Muulize fundi kabla hujalipa, kwa sababu hapo ndipo Li na Ld zinapoachana.

Kabla ya kufunga seti mpya niliomba fundi asafishe puli, ile ya kwenye flaiwili (gurudumu zito la injini) na ile ya klachi. Tope la mbuga likikauka ndani ya mfereji linakuwa gumu kuliko udongo wa tofali, na linakula mkanda kwa ubavu. Baada ya kusafisha tuliweka mkanda mpya kwenye kila mfereji na kutazama. Mgongo wa mkanda unatakiwa uwe sawa na ukingo wa puli au ujitokeze kidogo tu. Ukizama, kuta za puli zimeliwa, na mkanda wa bei yoyote ile hautadumu hapo. Dalili nyingine ni mng'ao chini kabisa ya mfereji, mahali ambapo mkanda haupaswi kufika. Puli yangu ya klachi ilikuwa na mfereji mmoja ulioanza kuliwa, nikainunua nyingine. Iliniuma kidogo, maana ilikuwa ghali kuliko mikanda yote mitatu, lakini leo ningefanya vilevile.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya subira. Legeza bolti nne za injini, irudishe nyuma, vika mikanda kwa mkono. Ukimwona fundi anachukua bisibisi ili auchokonoe mkanda upande juu ya puli, mzuie hapohapo. Ndani ya mkanda kuna nyuzi zinazobeba mvuto wote, na zikikatika nje huoni kitu, ila mkanda utaanza kujipinda na kuruka ndani ya siku chache. Ikishaingia, sukuma injini mbele kwa ile bolti ya kurekebishia, kisha vuta uzi kwenye nyuso za puli zote mbili. Uzi unatakiwa uguse pande zote mbili za kila puli. Ukigusa moja na kuacha nyingine, injini imekaa upande, na mikanda italiwa ubavu mmoja.

Kukaza ndiko kunakobishaniwa zaidi. Wazee wa kazi hubonyeza kwa dole gumba na kusema "tayari". Mimi nataka kipimo. Kanuni ni milimita 16 kwa kila mita moja ya mkanda ulio wazi kati ya puli na puli. Kwangu nafasi hiyo ni kama sentimita 65, kwa hiyo katikati mkanda unatakiwa ubonyee sentimita moja hivi. Nilitumia mizani ndogo ya springi ya kuning'iniza: unalaza fito iliyonyooka juu ya puli mbili, unavuta mkanda katikati kwa mizani, na ukisogea sentimita moja kwa mvuto wa kati ya kilo 2 na 3, umefika. Fanya hivyo kwa kila mkanda. Ikipishana sana, seti hiyo hailingani, irudishe dukani ikiwa bado safi.

Kuna wanaoamini kwamba kadiri unavyokaza ndivyo mashine inavyokuwa na nguvu. Siyo kweli, na ni hatari. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unavuta shafti kwa upande saa zote, beringi za klachi zinaanza kulia, na kwenye injini sili inaanza kuvujisha oili upande wa flaiwili. Beringi moja na ufundi wake ni gharama kubwa kuliko seti ya mikanda. Halafu kuna jambo ambalo shemeji yangu, anayelima tumbaku Urambo kwenye mashamba yaliyotoka kufyekwa miombo, alilitambua mapema kuliko mimi: jembe likigonga kisiki, mkanda uliokazwa sawasawa unateleza mara moja na kuiokoa giaboksi. Uliokazwa kupindukia hauna pa kuteleza, na kishindo chote kinaishia kwenye meno ya gia.

Mikanda mipya hulegea haraka mwanzoni, na hapo ndipo watu wengi huipa lawama isiyo yake. Tuliwasha injini bila mzigo kwa muda, tukafanya kazi nyepesi nusu saa, tukazima, tukapima na kukaza tena. Kesho yake jioni tukapima tena. Baada ya hapo imetulia. Tumevuruga majaruba yote, tumebeba magunia mpaka barabara ya lami, na sijasikia ile harufu tena. Nilipofungua kava wiki iliyopita, mbavu za mikanda zilikuwa kavu, rangi imefifia, hazing'ai, na unga mweusi ni wa kupangusa kwa kidole tu.

Malalamiko ninayo mawili. Bei ilizidi ile mikanda ya bei nafuu kwa kiasi cha kumfanya mkulima mdogo asite, na seti inayolingana haipatikani kila duka. Mara nyingi utakuta miwili, wa tatu mpaka uagize Tabora mjini au Nzega.

Na tafadhali, mkanda ukilia msipake lami, sabuni wala gundi ya miti. Unanyamaza siku moja, halafu vumbi linagandia na mfereji unaliwa. Dizeli ndiyo mbaya zaidi, inaufanya mpira uvimbe na kulainika, kwa hiyo bomba la tenki likivuja lizibwe siku hiyohiyo. Seti yangu ya akiba naiweka ndani ya gunia safi stoo, mbali na jua na mbali na pipa la mafuta. Siitundiki kwenye msumari, maana inapinda pale ilipolalia na kona hiyo haiondoki.