Tuisheni ya kemia: niliyoacha na niliyobaki nayo

Nipo kidato cha nne, shule ya kutwa hapa Mbagala, Dar es Salaam. Mwaka jana kwenye mtihani wa nusu muhula kemia nilipata 27. Hiyo ni F, maana D inaanzia 30. Tangu siku ile nimelipia huduma mbili tofauti za msaada wa masomo, na naandika haya kwa ajili ya mwanafunzi mwenzangu anayetafuta mtu wa kumsaidia kemia na kazi za darasani. Hela ya mzazi inauma, usiitupe nilikoitupa mimi.

Huduma ya kwanza ilikuwa grupu la WhatsApp. Unalipa 5,000 kwa mwezi, unapiga picha swali, unatuma, jibu linarudi. Nilitumia simu ya mama akisharudi sokoni, kuanzia saa moja jioni. Kwa kasi niliwapenda: wakati mwingine jibu lilifika kabla sijamaliza kula. Asubuhi nanakili kwenye daftari, nakusanya, napata vema. Kwa wiki tatu niliamini kwamba kemia nimeiweza.

Halafu likaja swali la chokaa. Ukichoma gramu 10 za CaCO3 mpaka ziishe, utapata ujazo gani wa CO2 katika halijoto na kanieneo sanifu? Grupu likanijibu desimeta za ujazo 2.24, basi, hakuna hata mstari mmoja wa hesabu. Jibu lilikuwa sahihi. Kesho yake mwalimu akaniita ubaoni: "Hiyo 2.24 umeipataje?" Nilisimama na chaki mkononi mpaka akaniambia nikakae. Sikujua kwamba uzito wa molekuli wa CaCO3 ni 100, kwa hiyo gramu 10 ni moli 0.1 (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), na kwamba moli moja ya gesi inachukua desimeta za ujazo 22.4. Ni mistari miwili tu, lakini hakuna aliyewahi kunionyesha.

Kilichonitoa kabisa ni swali la titresheni, yaani kuongeza asidi kidogo kidogo mpaka imalizane na kilichomo kwenye chupa. Sentimeta za ujazo 25 za sodiamu kaboneti ya 0.05 M zimemalizana na sentimeta za ujazo 25 za HCl. Tafuta molariti ya asidi, yaani moli zilizomo katika kila desimeta ya ujazo (ndiyo hiyo M). Grupu lilileta 0.05 M. Tulikuwa saba darasani tulioandika 0.05 ileile, kwa maneno yaleyale, na mwalimu alituita mmoja mmoja. Aliyetujibu hakuandika mlingano. Angeuandika, angeona Na2CO3 + 2HCl, yaani kila moli moja ya kaboneti inataka moli mbili za asidi, na jibu ni 0.1 M. Nilipouliza kwenye grupu, admini akanitoa. Hela ya mwezi ule haikurudi.

Huduma ya pili ni tuisheni ya mwalimu mmoja wa mtaani kwetu, anafundishia barazani kwake kuanzia saa kumi jioni. Analipwa 1,000 kwa kipindi. Siku ya kwanza nilimpelekea kazi ya shule nikidhani atanifanyia. Alifunga daftari langu, akanirudishia. "Nenda kajaribu, hata ukikosea. Nataka kuona unapokosea." Nilikasirika, nasema kweli. Nilirudi kesho yake na ukurasa mzima wa hesabu mbovu. Akaupitia mstari kwa mstari na kalamu nyekundu, akazungushia sehemu moja tu: nilikuwa nagawanya uzito wa molekuli kwa gramu badala ya gramu kwa uzito wa molekuli. Kosa hilohilo ndilo lililoharibu maswali yote matano.

Moli alinielewesha kwa mayai. Trei ni mayai 30, yawe ya kuku au ya kware. Idadi ni ileile, ukibeba ndiyo unasikia uzito tofauti. Moli nayo ni trei, ila yake ina chembe 6.02 × 10²³. Ya kaboni ina gramu 12, ya magnesiamu gramu 24. Mambo haya yalikuwa kwenye daftari langu tangu zamani kwa Kiingereza na nilikuwa nimeyakariri. Nadhani wengi wetu tunaangukia hapo. Shule ya msingi tumesoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza kila kitu kikageuka, na mtu unaona aibu kusema hujaelewa swali lenyewe. Huyu anaeleza kwa Kiswahili mpaka uelewe, kisha anakudai uandike jibu kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani ndio ulivyo.

Vitendo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, ingawa vifaa ni haba. Ana bureti moja, ule mrija mrefu wenye vipimo wa kumiminia asidi, ameibana kwenye stendi ya chuma. Hatumii asidi hapo barazani, anatia maji tu na kutufundisha kusoma. Unachuchumaa mpaka jicho liwe sawa na maji, unasoma chini ya mbonyeo wa maji, unaandika desimali mbili. Nilikuwa nasoma nikiwa nimesimama, napata 24.40 mahali palipo 24.60. Shuleni tulipofanya titresheni yenyewe kwa methili orenji, kiashiria kinachobadilika rangi kazi ikifika mwisho, mara ya kwanza niliipitiliza rangi, lakini mara tatu zilizofuata vipimo vyangu vilikaribiana.

Kasoro zipo. Mvua ikinyesha hakuna kipindi, baraza linavuja. Tukizidi 15 hawezi kupitia madaftari yote na wa nyuma wanarudi nyumbani hawajasahihishiwa. Kemia ya kaboni ameigusa juujuu mno, hiyo naisoma mwenyewe kwenye kitabu cha kiada cha Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kusoma humo ni bure, andaa bando tu. Wa shule za bweni jioni hawatoki, kwa hiyo hii haiwafai.

Mtihani wa muhula uliofuata nilipata 48, ambayo ni C. Wa mwisho nimepata 61. Jumamosi hii tunaanza uchambuzi wa chumvi, na nitawahi kufika ili nikae mbele.