The Birchbark House: kisomwe kwa sauti, msimu kwa msimu

Kurasa za mwanzo za The Birchbark House, riwaya ya watoto ya Louise Erdrich, zinamkuta mtoto mchanga wa kike amebaki peke yake kisiwani kati ya watu waliouawa na ndui. Mwalimu wa darasa la nne, au mzazi anayewasomea watoto jioni, atashawishika kuziruka aanzie sura ya kwanza, yenye jua, maji na magome ya miti. Asiziruke. Ndui inarudi katikati ya kitabu, na mtoto ambaye hakusikia utangulizi hataelewa kwa nini Omakayas, msichana wa miaka 7, anawauguza watu wa nyumbani kwao bila yeye mwenyewe kuugua. Aliyewahi kuugua ndui akapona, kwa kawaida haimpati tena. Hadithi yote imeegemea jambo hilo moja la kitabibu, na mwandishi anaishika siri yake mpaka sura ya mwisho.

Kitabu kilitoka mwaka 1999, na mwaka huohuo kikafika fainali ya tuzo ya National Book Award ya Marekani katika fungu la vitabu vya vijana. Erdrich anaandika kuhusu watu wake: yeye ni wa Turtle Mountain Band of Chippewa, jamii mojawapo ya wenyeji wa asili wa Marekani, na michoro ya penseli iliyomo ni ya mkono wake. Hadithi inaanza kiangazi cha 1847 kwenye kisiwa ambacho leo kinaitwa Madeline, ndani ya Ziwa Superior, jimbo la Wisconsin. Mei ya mwaka uliofuata ndipo mmisionari Mjerumani Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro. Mtoto wa Moshi akipewa tarehe hizo mbili pamoja, anapata pa kuutundika mwaka 1847. Na kwa ukubwa wa ziwa, mwambie hivi: Superior ina kilomita za mraba zaidi ya 82,000, Victoria yetu ina kama 68,000, na kwa eneo ndiyo maziwa mawili makubwa kuliko yote duniani yenye maji yasiyo ya chumvi. Tofauti ni kwamba kule majira ya baridi maji yanaganda, kiasi kwamba watu wanapita kwa miguu juu yake. Hapo ndipo maswali yanapoanza, na ni vizuri yaanze mapema.

Kabla ya kufungua kitabu kuna neno moja la kusahihisha. Watu wengi bado wanasema "Wahindi Wekundu". Mjini Arusha, ambako mtoto anawafahamu Wahindi wenye maduka na mahekalu, jina hilo linamchanganya tangu mwanzo. Sema Waojibwe, au wenyeji wa asili wa Marekani. Wao wenyewe hujiita Anishinabe, na Chippewa ni jina lingine la watu haohao. Kitabu nacho kina neno lao la kuwaita wazungu, chimookoman, maana yake visu vikubwa, na watoto hulishika upesi.

Uzuri mkubwa wa kitabu uko kwenye kazi. Kimegawanywa sehemu nne kwa majira: Neebin ni kiangazi, Dagwaging ni majira ya majani kupukutika, Biboon ni baridi kali, Zeegwun ni machipuko. Kila majira familia inahama na kubadili shughuli. Kiangazi wanajenga nyumba ya gome karibu na maji. Gome la mti wa birchi hubanduliwa mapema msimu huo, utomvu unapokuwa umepanda na gome kuachia kwa urahisi. Ukichelewa linang'ang'ania mti na kuchanika. Fito hupindwa na kufungwa kwa kamba za gome la mti mwingine, halafu mapande ya gome hupangwa juu yake. Mtoto wa Kilimanjaro aliyewahi kuona nyumba ya msonge, hata ile ya kuonyesha wageni kule Marangu, anaelewa umbo hilo bila picha, na kamba anaielewa kupitia maganda makavu ya mgomba. Vyombo vya gome ambavyo kitabu kinaviita makuk vina jina tayari kwa Kiswahili: vilindo. Tumia neno hilo, nao wapate kujua kwamba lipo.

Kabla ya kubandua gome, bibi anaacha tumbaku chini ya mti na kuuomba mti ruhusa. Wazazi wa nyumba za dini, iwe ya kanisani au ya msikitini, wakati mwingine hushtuka hapa, na tena pale panapotajwa ndoto na wanyama wanaozungumza na binadamu. Kitabu hakimwiti msomaji kwenye imani yoyote. Kinaonyesha jinsi watu hao walivyoishi na msitu wao. Kwa Wachaga jani la isale limebeba maana ya kuomba radhi na kuweka mpaka kwa vizazi vingi, na mtoto anaelezwa isale bila mtu kuogopa. Yaeleze ya tumbaku kwa njia hiyohiyo.

Kazi anayoichukia Omakayas ni kupara ngozi ya musi, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake kubwa linafikia uzito wa pofu. Ngozi inanuka, mkono unauma, na ndugu yake mdogo Pinch haguswi na kazi hiyo. Watoto waliokulia jirani na wafugaji wanajua ngozi inavyowambwa na kuparwa, kwa hiyo sura hiyo inawapa jambo la kusema, hata wale wanaonyamaza kipindi kizima. Vivyo hivyo na kuamia ndege shambani: Omakayas na dada yake Angeline wanalinda mahindi dhidi ya kunguru, na hapo ndipo anapopatikana Andeg, kunguru anayefugwa nyumbani. Ukifika sura hiyo simama na uwaulize ni nani amewahi kuamia ndege, kwenye mpunga au mtama. Mikono itanyooshwa.

Kuna mazao mawili ambayo mwalimu inabidi ayaelewe kabla ya kusoma, kwa kuwa kitabu hakiyaelezi kama somo. La kwanza ni mchele pori, manoomin kwa lugha yao, nafaka inayoota yenyewe kwenye maji ya kina kifupi. Mtu mmoja anasukuma mtumbwi kwa upondo. Mwingine anainamisha mabua kwa kijiti kimoja na kuyapiga kwa kijiti cha pili, punje zikadondokea mtumbwini. Kinachobaki juu ya bua au kuanguka majini ndiyo mbegu ya mwaka ujao. Baadaye punje huanikwa, hukaangwa, hukanyagwa kwa miguu maganda yaachie, kisha hupepetwa. Lete ungo darasani na mchele kidogo wenye pumba. Dakika tano zinatosha. La pili ni sukari ya mti wa mepoli. Mwishoni mwa baridi, usiku kukiwa na barafu na mchana joto likirudi, maji ya mti huanza kutembea. Shina hutobolewa na maji hukingwa kwenye vilindo. Lita 40 za maji hayo zinatoa kama lita 1 ya shira, na kufikia sukari kavu lazima uendelee kuchemsha. Ukiwapa hesabu hiyo, watoto wanaelewa kwa nini familia nzima inahamia msituni, na kwa nini Pinch akidokoa anagombezwa.

Sasa Biboon. Nayaandika haya kwa watu wazima, na anayetaka kushangazwa aiache aya hii. Mgeni anafika na ndui. Anakufa Ten Snow, rafiki wa Angeline, na anakufa Neewo, mdogo wao mchanga ambaye Omakayas alimpenda kuliko wote. Wanaopona wanabaki na makovu, na baada ya ugonjwa inakuja njaa. Erdrich haupaki msiba rangi, na haumalizi haraka: huzuni ya Omakayas inaendelea mpaka machipuko, anaacha kula na kucheza, na kinachomwinua ni kukutana tena na dubu na maneno ya mwanamke mzee Old Tallow. Kwa maoni yangu hakuna sehemu ya kitabu iliyoandikwa vizuri kuliko hii, na ndiyo inayoharibiwa na usomaji wa pupa. Makosa ni matatu. La kwanza ni kuisoma usiku kabla ya kulala. La pili ni kufunga kipindi Ijumaa baada ya sura ya mgeni na kuwaacha watoto nayo siku mbili; sura za Biboon zote zisomwe ndani ya wiki moja, ukianzia Jumatatu. La tatu ni kutowauliza wazazi kama kuna mtoto aliyefiwa karibuni. Akiwapo, mwambie mapema, faraghani, kwamba mtoto mchanga atakufa hadithini, na umwache achague kubaki au kutoka. Wengi huchagua kubaki.

Kuna na mkanganyiko wa jina. Ukisema ndui, watoto wa leo wanafikiri ni tetekuwanga, wanashangaa watu wanakufaje kwa vipele vya wiki mbili. Eleza kwamba ni magonjwa mawili tofauti, kwamba ndui iliua takriban watu watatu kati ya kumi waliougua, na kwamba mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya asili alipatikana Somalia mwaka 1977, jirani zetu, kabla Shirika la Afya Duniani halijatangaza mwaka 1980 kwamba imetokomezwa. Bibi na babu wengi wana alama ya chanjo hiyo begani. Waombe watoto wakaulize nyumbani, ila wasiichanganye na kovu la BCG walilonalo wao. Hilo ni la chanjo ya kifua kikuu.

Mapungufu yapo. Kitabu kinakwenda polepole. Sura za kwanza ni picha za maisha kuliko kisa kinachokimbia, na mtoto aliyezoea vituko kila ukurasa atauliza "halafu?" Jibu ni kusoma kwa sauti, ukimwachia peke yake ataishia sura ya tatu. Baba, Deydey, yuko safarini kwa biashara ya manyoya sehemu kubwa ya kitabu, na biashara yenyewe inaguswa kwa mbali. Mwalimu atajazia kwa mfano wa misafara ya pembe za ndovu iliyopita Pangani kuja huku, nayo ikibadilisha bidhaa za porini kwa nguo, shanga na bunduki. Tahajia ya Kiojibwe ni ya zamani: kitabu kinaandika Neebin na Zeegwun, wakati kamusi za sasa zinaandika niibin na ziigwan. Usimwambie mtoto kwamba kuna iliyokosewa. Na orodha ya maneno na matamshi imewekwa mwisho wa kitabu, kwa hiyo msomaji anaruka mbele na nyuma. Kwenye tableti inachosha zaidi. Nunua cha karatasi, au iandike orodha kwenye manila ukutani.

Kiingereza chake kinawafaa darasa la sita na la saba katika shule za mchepuo wa Kiingereza, na kidato cha kwanza na cha pili kwa waliotoka shule za Kiswahili. Darasa la nne na la tano wanakiweza iwapo anayesoma anafasiri kwa mdomo aya baada ya aya. Kina sura 14 na utangulizi. Sura moja mara mbili kwa wiki, isipokuwa wiki ya Biboon inayohitaji vipindi zaidi, dakika 40 kila kipindi, inamaliza kitabu kwa wiki nane, ndani ya muhula mmoja. Andika ubaoni maneno manane ya kila sura kabla ya kusoma, yasizidi hapo. Usigeuze kipindi kuwa mtihani wa ufahamu. Maswali ya "nani alifanya nini" yanawafanya wasikilize kwa ajili ya jibu, na sauti ya kitabu inapotea. Swali linalofanya kazi ni la nyumbani kwao: nyanyako alihifadhi wapi mahindi ya mbegu, na alijuaje kwamba mvua imekaribia?

Wakikipenda, kuna vinne vinavyofuata. The Game of Silence, 2005, kinachukua pale agizo la serikali la 1850 la kuwahamisha Waojibwe linapowafikia. The Porcupine Year, 2008, ni safari ya kuondoka. Chickadee, 2012, na Makoons, 2016, vinaruka hadi watoto pacha wa Omakayas, na vinaweza kungoja. Mwenye fedha ya vitabu viwili tu anunue cha kwanza na cha pili.

Maduka mengi ya vitabu ya Arusha na Moshi hujaza rafu kwa vitabu vya mitaala, kwa hiyo mara nyingi utaagiza au utakipata cha mtumba. Kitakachopita mikononi mwa darasa zima kivalishwe jalada la plastiki siku hiyohiyo, na mgongo wake ubandikwe selotepu pana. Na cha mtumba kifungue kwa nyuma kabla ya kulipa: orodha ya maneno iko kurasa za mwisho kabisa, na gundi ikichoka, hizo ndizo huanza kung'oka.