Kapsuli za hamira, Saccharomyces boulardii 250 mg: nyota 4 kwa kazi moja tu

Jina linatisha, lakini kilichomo ni hamira, ndugu wa karibu wa ile ya kuumulia mkate. Fungua kapsuli moja utakuta unga mkavu wenye harufu ya donge lililoumuka. Henri Boulard, Mfaransa, aliipata mwaka 1923 huko Indochina kwenye matunda ya lichi na mangostini.

Kazi inayoiweza ni kupunguza kuharisha kunakoletwa na antibiotiki. Bidhaa nyingi za bakteria rafiki, kama Lactobacillus, ukizimeza pamoja na antibiotiki huuawa njiani, ndiyo maana huambiwa uziachanishe kwa saa 2 hivi. Hamira si bakteria, kwa hiyo antibiotiki haiigusi. Mtu mzima kwa kawaida humeza kapsuli 1 asubuhi na 1 jioni, kila moja ikiwa na chembe hai kama bilioni 5. Anza siku ileile ya dozi ya kwanza, kisha endelea siku chache baada ya antibiotiki kwisha. Wengi hukosea hapa: wanangoja mpaka tumbo limeshavurugika.

Kosa jingine ni kukoroga unga huo kwenye chai ya moto. Juu ya nyuzi 50 hamira hufa, na kilichobaki ni unga tu. Tumia maji ya kawaida. Na kama umeandikiwa dawa ya fangasi, mfano flukonazoli, usijisumbue kununua, maana itaiua hamira pia.

Kwenye boksi tafuta namba ya aina, mfano CNCM I-745, na idadi ya chembe hai hadi tarehe ya mwisho wa matumizi. Idadi ya "wakati wa kutengenezwa" haisemi umebakiwa na ngapi leo. Kapsuli zilizofungwa mojamoja kwenye karatasi ya alumini ni afadhali kuliko za chupa, kwani chupa hunyonya unyevu kila ikifunguliwa.

Nyota moja tumeikata kwa sababu ya maneno ya boksini: eti "hurejesha utumbo". Hamira hii haiweki makazi. Ukiacha kumeza, siku chache tu imeshatoka yote. Tena mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliona kuwa waliomeza mchanganyiko wa probiotiki (vijidudu rafiki) baada ya antibiotiki walichelewa kurudishiwa bakteria wao wa asili kuliko wasiomeza kitu. Mchanganyiko ule ulikuwa wa bakteria, si hamira hii, lakini inatosha kumfanya mtu asiamini kila tangazo.

Madhara ya kawaida ni gesi, na wengine hufunga choo. Hatari yenyewe iko kwa wenye kinga dhaifu, wagonjwa mahututi na waliowekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu: hao wasipewe. Hata kufungua kapsuli karibu na kitanda chao ni kosa, kwa sababu unga huruka, hushika mikononi, na hamira ikipenya kwenye mpira huingia moja kwa moja kwenye damu.