Muvi za vita vya siasa na maisha ya mtaani: ipi uchukue Mwanza, na namna ya kumkwepa mtafsiri

Malalamiko mnayonitumia ni yaleyale. Dada mmoja wa Igoma kanunua stori ya mauaji ya Rwanda akakuta kuna jamaa anatafsiri juu kwa juu huku anachekesha, watu wanashushwa kwenye gari pale kizuizini yeye anasema "hapo mzee kayakanyaga". Sasa hiyo utakaa uangalie na mama yako?

Kwa hiyo mambo ya picha kung'aa sijui HD mtajijua, mimi nakagua kitu kimoja tu, sauti iwe ya wenyewe na maandishi ya chini yawepo.

Namba moja Sometimes in April ya 2005, na sifichi, kwa muvi za hivi mimi ni HBO damu damu, ile televisheni ya Marekani iliyoitoa. Raoul Peck kaipigia Rwanda kwenyewe. Idris Elba ni kapteni wa jeshi, Mhutu mwenye mke Mtutsi, ndugu yake alikuwa mtangazaji wa ile redio ya chuki, miaka kumi baadaye anamfuata mahakamani Arusha, Arusha hii hii yetu. Wazee wa huku ziwani hawahitaji kuelezwa, 1994 maiti zilishuka na mto Kagera mpaka ziwani watu wakasusa samaki.

Ya pili Tsotsi, ilibeba Oscar 2006. Kijana wa Johannesburg kapora gari kumbe siti ya nyuma kuna kichanga. Wanaongea lugha ya mtaani kwao, bila maandishi umeliwa. Ya tatu Nairobi Half Life ya 2012, hapo Kiswahili kitakubeba ila Sheng itakutoa jasho.

DVD za muvi ishirini kwa moja, pita.

Ukienda kuwekewa kwenye flashi mwambie akopi na faili la srt, ndo lile la maandishi ya chini, liwe na jina lilelile la muvi na likae folda moja, la sivyo TV nyingi hazilioni, halafu flashi ikiwa imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili la kuzidi GB 4 ndo maana unapewa kopi iliyominywa mpaka sura hazionekani. Kuna mmoja pale Makoroboi nilimwambia haya akanijibu "dada unataka kusoma au kuangalia?" na bado akadai buku, juzi tu ilikuwa jero, eti umeme umepanda. Flashi yangu, dakika mbili, umeme gani huo?