Teksi au boda: usafiri wa Kampala na asili ya majina yake

Ukitoka Nairobi au Mwanza, ukisikia "teksi" utafikiria gari dogo la kukodi. Kampala, teksi ni ile ambayo Wakenya huiita matatu na Watanzania daladala: jeupe, lenye vimraba vya buluu ubavuni, abiria 14, na pale Old Taxi Park halitoki mpaka lijae. Jina limetoka mbali. Taxa ya Kilatini ni ada. Wafaransa wakaita mita ya nauli taximètre, na Waingereza wakafupisha. Teksi za Kampala hazina mita hiyo. Nauli utaambiwa na konda.

Boda ni ya hapa hapa, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Ni "border", yaani mpaka: miaka ya 1960 kule Busia, wenye baiskeli walivusha watu kati ya vituo vya Kenya na Uganda.

Una mizigo, au mvua inanyesha? Panda teksi. Jamu ikikaza na umechelewa, chukua boda, ila patana bei kwanza na udai helmeti.