Mwaka mmoja na kituo cha hali ya hewa cha nyumbani, Chumbageni, Tanga

Kimbunga Hidaya kilipotua Mafia tarehe 4 Mei 2024, sisi wa Tanga tulikuwa tumekaa chonjo kwa siku kadhaa, simu mkononi, tukisubiri taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na juma lile mwanafunzi mmoja aliniuliza mgandamizo wa hewa hapa kwetu umeshuka kiasi gani. Nilimpa maelezo marefu ya kitabuni kwa sababu tarakimu yenyewe sikuwa nayo. Miezi mitatu baadaye nikanunua kituo kidogo cha hali ya hewa, cha aina ile inayouzwa ndani ya katoni moja ikiwa na vihisi vya kuweka nje na kioo cha kuweka sebuleni. Nimekitumia nyumbani kwangu Chumbageni kuanzia Agosti 2024 hadi Agosti 2025, kikapitia vuli, kaskazi, masika na kusi, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa si ya wiki ya kwanza. Jina la kampuni nitaliacha, kwa kuwa vituo vya namna hii vinafanana kama mapacha, na kasoro nyingi nitakazozitaja ni za ukoo mzima.

Bei ilikuwa shilingi 480,000 pamoja na gharama ya kutumiwa mzigo kwa basi kutoka Dar es Salaam. Katoni ilikuwa na mlingoti mfupi wenye kipimamvua, kipimajoto, kipima unyevu, vikombe vitatu vya kupima kasi ya upepo na mshale wa kuonyesha upepo unakotoka. Kipima mgandamizo kimo ndani ya kioo cha sebuleni, jambo ambalo halina ubaya, maana mgandamizo wa ndani ya nyumba na wa nje ni ule ule. Vihisi vya nje hutumia paneli ndogo ya sola na betri, hutuma vipimo kwa mawimbi ya redio, na kioo huvipeleka kwenye intaneti kila baada ya dakika 5. Kwa siku hiyo ni mistari 288, na kwa mwaka ni mistari 105,120, iwapo hakuna kilichopotea. Kwangu vilipotea vingi, nami nitavifikia.

Nianze na mvua, maana kwa mtu wa pwani hiyo ndiyo habari. Ndani ya kipimamvua kuna vijikombe viwili vilivyounganishwa vikabembea kama mizani: kimoja kikijaa maji hupinduka na kuyamwaga, mwenzake akachukua zamu, na kila mpinduko huhesabiwa kuwa milimita 0.2. Kitabu cha maelekezo kinadai kwamba kifaa kimeshasahihishwa kiwandani. Sikuridhika na madai hayo, nikakijaribu mwenyewe. Mdomo wa kipimamvua changu una kipenyo cha sentimita 16, yaani eneo la takriban sentimita za mraba 201, na kwa kuwa milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji katika mita moja ya mraba, mililita 400 zikipita hapo polepole zinapaswa kusomeka karibu milimita 20. Nilitoboa tundu kwa sindano chini ya chupa ya maji ya kunywa, nikaiacha idondoke kwa zaidi ya nusu saa huku binti yangu amechuchumaa pembeni akihesabu kila mlio wa kijikombe. Alihesabu 92, na kioo kikasoma milimita 18.4. Tulirudia siku ya pili, tukapata hivyo hivyo. Kifaa kilikuwa kinapunja kwa takriban asilimia 8, tena kwa uaminifu mkubwa, kila mara kiasi kile kile! Chini ya vijikombe kuna skrubu mbili ndogo ambazo hazikutajwa popote katika maelekezo. Nilipoziinua kidogo kidogo, hesabu ikafika 99.

Hata baada ya marekebisho hayo, mvua ikiwa ya kumwagika kama ndoo kifaa bado hupunguza, kwa sababu maji yanayoanguka wakati kijikombe kinapinduka hayahesabiwi kwa usahihi. Ndiyo maana nilisimamisha pembeni yake kipimamvua cha plastiki cha kusoma kwa macho, ambacho kilinigharimu shilingi 15,000. Kwa mvua ya rasharasha viwili hivi husema kitu kimoja. Alfajiri moja ya Aprili, mvua ilipopiga mabati hadi tukashindwa kusikia adhana, cha plastiki kilionyesha milimita 61 na cha umeme 55.4. Katika mwezi wa masika tofauti za namna hiyo zikijumlishwa si ndogo, na mtu anayepanga tarehe ya kupanda mahindi Muheza au Pongwe kwa kutegemea jumla hizo atadanganyika.

Kasoro mbaya zaidi ya kipimamvua haitokani na hesabu bali na uchafu. Mwezi wa Novemba kioo kilinionyesha sifuri kwa siku tatu mfululizo wakati mitaro ya mtaa wetu ilikuwa inafurika. Nilipopanda ngazi nikakuta jani la mwarobaini limeziba tundu la faneli, na chini yake buibui ameshafunga utando wake kati ya vijikombe viwili. Tangu hapo nimejiwekea zamu ya kukisafisha kila Jumamosi.

Kwenye joto kosa lilikuwa langu. Fundi alikifunga kifaa juu ya paa la bati, na mwezi wa Agosti, wakati wa kipupwe, kioo kikaniambia saa 8 mchana kwamba nje ni nyuzi 34. Nilijua si kweli. Bati hupika hewa iliyo juu yake, na hata zile sahani nyeupe za plastiki zinazokikinga kihisi dhidi ya jua haziwezi kuzuia joto linalopanda kutoka chini. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linaelekeza kipimajoto kiwe kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini, juu ya ardhi ya kawaida kama nyasi, mbali na kuta. Nilipokihamishia uani, mita 1.5 juu ya majani, kwenye siku za hali ile ile joto la juu likasomeka kati ya nyuzi 28 na 29. Muuzaji wa kifaa hiki, ambaye tangazo lake linakionyesha kikiwa juu ya paa, hakulisema hilo.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote, na ambayo peke yake ingenifanya nikisamehe kifaa hiki mengi, ni kipima mgandamizo. Ukichora vipimo vya juma moja utaona mstari unapanda na kushuka mara mbili kwa siku, kama maji ya bahari: unafika juu karibu saa 4 asubuhi na tena saa 4 usiku, na unashuka karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Tofauti ya juu na chini katika nchi za karibu na ikweta kama yetu hufika takriban hektopaskali 3 (hektopaskali ni kizio cha kupimia mgandamizo), na chanzo chake ni jua linavyopasha joto tabaka za juu za angahewa. Nimefundisha mgandamizo wa hewa kwa miaka mingi bila kuwahi kuliona jambo hili kwa macho yangu. Darasani nilibandika karatasi ya siku saba ukutani, na wanafunzi wakaanza kubashiri saa ya kilele kinachofuata bila kuangalia kioo.

Hapo hapo ndipo penye kichekesho cha kifaa. Kioo kina kibonzo cha utabiri kinachotegemea mgandamizo kupanda au kushuka, na kimetengenezwa kwa ajili ya nchi za mbali na ikweta, ambako kushuka kwa mgandamizo mara nyingi huleta mvua. Hapa Tanga kila alasiri mgandamizo hushuka kwa desturi yake, na kila alasiri kioo kinachora wingu la mvua. Mzee mmoja mvuvi wa Sahare alipokuja kunitembelea alikitazama kwa muda, akaniuliza: "Mwalimu, hiki kidude chako kinaijua kaskazi?" Nikamjibu, "Hapana, mzee wangu, kinajua kushuka tu." Kibonzo hicho nimekifunika kwa karatasi ya gundi. Badala yake ninalinganisha mgandamizo wa saa hii na wa saa kama hii jana, na kwa hesabu hiyo nyepesi lile wimbi la kila siku hujifuta, yakabaki mabadiliko yenye maana.

Kuhusu upepo sina mengi. Kipimo cha kitaalamu huwekwa mita 10 juu, mahali peupe, na uani kwangu kuna mwembe na ghorofa ya jirani, hivyo kasi ninayosoma ni ya uani kwangu tu. Mwelekeo ndio umenisaidia, kwani usiku tulivu unaona upepo ukitoka bara, na kabla ya adhuhuri mshale unageukia baharini.

Sasa data. Kifaa kilikuja na saa iliyowekwa kwa majira ya huko kilikotengenezwa, saa 5 mbele yetu, na programu yake ya simu haikuniuliza niko wapi. Kwa hiyo siku yake ilikuwa inaisha saa 1 jioni kwa saa zetu, na mvua ya jioni ikawa inaandikwa tarehe ya kesho. Wataalamu wetu huhesabu siku ya mvua kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 3 asubuhi inayofuata, na usipolijua hilo utalaumu kituo cha uwanja wa ndege wa Tanga kwa tofauti uliyoisababisha mwenyewe. Jambo la pili ni zito zaidi. Umeme ukikatika na kioo kikazimika, faili linalopakuliwa baadaye hujaza sifuri kwenye safu ya mvua, badala ya kuacha nafasi tupu. Sifuri maana yake sikuona mvua. Nafasi tupu maana yake sikuwapo. Nilitumia siku nne za likizo mbele ya lahajedwali nikizitenganisha sifuri za kweli na za uongo kwa kufuata safu ya joto, ambayo nayo ilikuwa imekatika saa zile zile.

Mtu asitarajie kuijua tabianchi ya Tanga kwa kituo hiki. Wastani wa tabianchi huhesabiwa kwa miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Vuli yetu huyumbishwa na El Niño na joto la Bahari ya Hindi, kama ilivyokuwa mwaka 1997, na hilo huwezi kuliona kutoka uani. Ninalofanya ni kulinganisha jumla zangu za mwezi na data za CHIRPS, zinazopatikana bure kuanzia mwaka 1981, ambazo huchanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo katika miraba ya takriban kilomita 5. Zile za ERA5, ambazo ni hesabu za kompyuta za hali ya hewa iliyopita kutoka kituo cha utabiri cha Ulaya, zinaanzia mwaka 1940, lakini miraba yake ni ya takriban kilomita 31, na mraba mmoja wa pwani humeza nchi kavu na bahari pamoja.

Katika mwezi wa saba wa kukitumia kifaa, kipima unyevu kilikwama kwenye asilimia 99, mchana na usiku. Chumvi ya bahari ilikuwa imekila. Nilimpigia muuzaji, akaniambia, "Kaka, hiyo ndiyo hewa ya Tanga." Baada ya mabishano alikubali kuniagizia kihisi kipya kwa shilingi 85,000, kikafika baada ya wiki tisa, na dhamana ya mwaka mmoja iliyoandikwa kwenye katoni hakutaka kuisikia. Anayeishi Raskazoni au mahali pengine ufukweni kabisa aihesabu gharama hii tangu mwanzo.

Kwa mtu mzima anayependa hesabu na mwenye ngazi nyumbani, kifaa hiki nakipendekeza, nami naendelea kukitumia. Kwa shule yenye fedha kidogo tu, ningenunua kipimamvua cha plastiki, kipimajoto cha kuonyesha joto la juu na la chini, na daftari lenye jalada gumu la kujaza kila siku saa 3 asubuhi. Kituo hiki ningekiagiza mwaka wa pili.