Kushusha Chevrolet C10: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Pikapu ya Chevrolet C10 ya 1967 hadi 1972 ilitengenezwa kubeba mzigo, ndiyo maana ikiwa tupu hukaa kifua chini, mkia juu. Wengi wanaoinunua leo, wakiwemo ndugu zetu walioko Marekani ambako pikapu hizi bado zinapatikana, hawaipakii chochote cha maana. Wanataka gari likae chini, litulie kwenye kona na lisiwaumize mgongo. Maduka ya vipuri yamejaa vifaa vya kushushia, na vingi huuzwa kwa namba mbili: 2/4, 4/6 na kuendelea. Namba ya kwanza ni inchi za mbele, ya pili ni za nyuma. Nyuma hushushwa zaidi kwa sababu ya huo mkia.

Namba hizo haziwaambii wanunuzi jambo lenye uzito zaidi: gurudumu litabaki na nafasi gani ya kupanda likiingia shimoni. Nafasi ikiisha, ekseli inagonga chasisi, bolijointi (viungo vinavyogeuka kwenye mikono ya mbele) zinakufa mapema, na dereva anaanza kukwepa kila tuta. Nimepanga machaguo kwa kigezo hicho. Atakayetaka chasisi iguse lami nitamfikia, ila yuko chini kwenye orodha.

Kwanza jua gari lako. Herufi C ni ya pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. K ni fo-bai-fo, na vifaa ninavyovizungumzia hapa si vyake. Kisha hesabu nati za gurudumu la mbele. Kama hakuna aliyewahi kubadilisha kitu, C10 ya 1967 hadi 1970 ina nati sita na breki za dramu. Ya 1971 na 1972 ina nati tano na breki za diski. Tofauti hiyo inaamua bei utakayolipa. Mwisho lala chini ya gari utazame nyuma. Chevrolet nyingi za miaka hiyo zina springi za koili nyuma, lakini dada yake GMC kwa kawaida alitoka kiwandani na springi za bapa, zile za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Usiagize kwa kuangalia picha ya gari la mwenzako.

Nafasi ya kwanza naipa stabu ekseli (kipande kinachobeba gurudumu la mbele) za kushushia, pamoja na springi fupi nyuma za inchi 3 au 4. Stabu ekseli ya namna hii inafanana na ya kiwandani, isipokuwa ule mhimili unaobeba gurudumu umepandishwa juu kwa takriban inchi 2 na nusu. Gurudumu linapanda, gari linashuka, lakini mkono wa juu na mkono wa chini vinavyoshikilia gurudumu, springi na shokapu vyote vinabaki vilivyokuwa. Springi ina urefu wake uleule wa kujikunja. Hakuna kifaa kingine kinachokushusha mbele bila kukunyang'anya kitu, na ndiyo maana siyumbi hapa hata mtu akiniambia springi tupu ni nafuu zaidi. Ukitaka kufika inchi 4 mbele, unaongeza springi fupi kidogo juu ya hizo stabu ekseli, na bado gari linaendeka.

Mwenye gari la 1971 au 1972 ananunua stabu ekseli na kuhamishia diski zake. Mwenye la 1967 hadi 1970 ni afadhali anunue seti nzima yenye diski, kalipa na hosi za breki, kwa sababu stabu ekseli za diski hazipokei dramu zake. Gharama inapanda, nakubali, lakini pikapu ya nusu tani yenye dramu nne inastahili breki bora hata isiposhushwa. Kabla ya kulipa muulize muuzaji mambo mawili: kama rimu zako za inchi 15 zinapita kwenye kalipa, na kama stabu ekseli zake zinasukuma gurudumu nje. Zinazosukuma zinaweza kufanya tairi pana likwaruze fenda ukikata usukani.

Nyuma ndiko watu wanakojiaminisha kwamba kazi ni nyepesi, na kwa kweli kutoa springi ni kwepesi. Kila koili imeshikwa kwa bolti juu na chini. Unapandisha chasisi kwa jeki, unaweka stendi, unateremsha ekseli taratibu, koili inatoka. Tatizo liko kwenye fito inayotoka chasisi kwenda kwenye ekseli kwa ubavu, ile inayozuia ekseli isihame kulia na kushoto. Ya kiwandani ni fupi. Gari likishuka, fito hiyo inazunguka kwenye bolti yake na kuisukuma ekseli upande mmoja. Simama nyuma ya C10 iliyoshushwa inchi 4 bila kurekebishwa: tairi moja limejificha ndani ya fenda, jingine limechungulia nje. Nunua fito inayorekebishika urefu siku hiyohiyo unayonunua springi. Nunua pia shokapu fupi, au breketi za kuhamisha shokapu, kwani ndefu za zamani zitafika mwisho kabla ya springi na wewe utadhani springi ndiyo mbovu.

Nafasi ya pili ni springi fupi pekee, mbele na nyuma. Ndilo chaguo la mwenye mamia machache ya dola na gari ambalo breki zake bado nzima. Shuka inchi 2 mbele, 3 au 4 nyuma, uishie hapo. Springi fupi mbele zinalaza mikono na kuinamisha vichwa vya magurudumu kwa ndani, kwa hiyo alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu, si hiari. Usipoifanya, tairi zitalika ukingo wa ndani huku kwa nje zinaonekana mpya.

Yeyote atakayegusa springi za mbele, mwenyewe au fundi wake, azingatie hili. Springi hiyo imebanwa na uzito wa gari na ina nguvu ya kuua. Jeki iwe chini ya mkono wa chini, mnyororo upitishwe ndani ya springi na kufungwa kwenye chasisi, na nati ya bolijointi ilegezwe bila kutolewa yote, ibaki na nyuzi kadhaa hadi bolijointi iachie. Na wakati wa kufunga, bolti za mikono yenye bushi za mpira zikazwe gari likiwa limekaa juu ya magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yananing'inia, mpira unajipinda gari linaposhuka, unakaa umejipinda hivyo kila siku, na hauchukui muda kuchanika.

Nafasi ya tatu ni seti za 4/6 na zaidi. Zinapendeza, sibishi. Lakini ukifika inchi 5 au 6 nyuma, ekseli inakaribia kugusa chasisi, na dawa yake ni kukata chasisi juu ya ekseli kwa umbo la nusu duara na kufunga kipande kinene cha chuma cha kurudisha nguvu iliyoondolewa. Kama kipande ni cha bolti, fundi makini anakiweza. Kama ni cha kuchomelea, mtafute mchomeleaji anayejua chasisi, si wa mageti. Hesabu pia propela, ile fito ndefu inayopeleka nguvu ya injini nyuma: ekseli ikipanda hivyo, pembe ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli) inabadilika, na gari litatetemeka ukiongeza mwendo mpaka pembe irekebishwe. Pikapu za kitanda kirefu zenye propela ya vipande viwili husumbua zaidi kwa hili.

Mwenye C10 ya 1973 hadi 1987 ana hesabu tofauti nyuma, kwa sababu kizazi hicho kilitumia springi za bapa. Kwa inchi 2 nunua shakili ndefu za nyuma, vile vipande vinavyounganisha ncha ya springi na chasisi. Kwa inchi 6 kuna seti ya kuihamisha ekseli kutoka chini ya springi kwenda juu yake, na hiyo nayo inadai chasisi ikatwe. Mbele, stabu ekseli za inchi 2 na nusu zinabaki chaguo la kwanza.

Mifuko ya hewa naiweka nafasi ya nne. Inakupa uhuru wa kupanda na kushuka kwa swichi, lakini unanunua kompresa, tangi, mabomba, vali na nyaya, na kila kiungo ni mahali pa kuvujia. Bei inahesabika kwa maelfu, si mamia, na kazi ya kuchomelea ni nyingi. Ni ya gari la maonyesho lenye mwenyewe mvumilivu.

Kukata springi kwa gurainda hakuna nafasi kwenye orodha hii. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi kwa kuwa mizunguko imepungua, na ncha yake huenda isikae vizuri kwenye kiti chake. Kuipasha moto kwa gesi hadi ilegee ni kubaya zaidi: chuma kinapoteza ukakamavu wake, na siku ya kukatika hujui utakuwa mwendo gani.

Kwa walioko nyumbani wenye Peugeot 504 pikapu au Datsun 1200: mbele magari hayo yana shokapu na springi vilivyounganika, kwa hiyo stabu ekseli za C10 hazikuhusu; utahitaji springi fupi na shokapu zinazolingana nazo. Nyuma ni springi za bapa. Kabla ya kununua vipande vya kuweka kati ya springi na ekseli, angalia springi imepita wapi. Ikipita chini ya ekseli, kipande kinashusha gari. Ikipita juu, kipande hichohicho kinalipandisha. Na yubolti, bolti za umbo la U zinazofunga springi na ekseli, ziwe mpya na ndefu za kutosha. Za zamani zilizolazimishwa hazishiki.

Ukiwa tayari kuagiza, pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, gari likiwa tupu na juu ya sakafu iliyonyooka. Gari la miaka hii mara nyingi lina springi zilizochoka, pengine limeshashuka inchi moja upande wa dereva. Mpe muuzaji vipimo hivyo pamoja na mwaka, idadi ya nati za gurudumu, aina ya springi za nyuma na ukubwa wa rimu. Akikuuzia bila kukuuliza hata kimoja, nunua kwingine.